Uwanja Uliofagiwa

Siku iliyosemwa kuwa wageni wa kompyuta watakuja Mkwiro, kijiji cha kisiwani, kuupima msikiti gofu, wanawake waliamka na fagio mkononi. Hawakuambiwa na mtu. Mgeni wa nyumba hufagiliwa nyumba, mgeni wa kijiji hufagiliwa kijiji, na hilo halikuhitaji kikao. Walianzia barazani kwa Bi Tumu, wakashuka njia ya chuo cha Kurani, wakifagia na kusimulia na kuchekana, hata wakatokea nyuma ya gofu, kwenye uwanja wa watoto.

Uwanja ule ndipo walipolazwa watoto wa Mkwiro waliokufa kabla mama zao hawajatoka arubaini. Mgeni akipita hajui kuwa ni makaburi. Hapana tuta, hapana jiwe lenye maandishi. Kwa kila mtoto kuna kombe la bahari tu, limelazwa kifudifudi juu ya udongo, na kila mama alilijua lake. La huyu lina meno, la yule lina ufa, la mwingine limepauka upande mmoja. Wanaume hawakuzisemasema habari za pale. Wanawake walipita asubuhi wakielekea pwani kuokota chaza, wakasimama kidogo, wakaenda zao.

"Tuyaondoe makombe," alisema Bi Tumu, akijishika kiuno. "Mmesahau wale watalii wa mwaka juzi? Waliondoka na makombe mkobani, wanasema mazuri, mazuri. Kombe la mtoto wa Riziki liko Ulaya sasa, limewekwa sabuni."

"Hawa si watalii, mavyaa," alisema Zulekha. Bi Tumu alikuwa mama mkwe wake, na Zulekha alikuwa bado anaishi naye ingawa mume mwenyewe hakuwapo. "Hawa wanapima."

"Kwani mwenye kupima hana mkoba?"

Wanawake walicheka, na kila mmoja akainama, akachukua lake. Zulekha alipiga magoti, akaliinua lile lenye ufa, akalifuta kwa ncha ya leso, akalipakata. Hakuweka alama nyingine. Aweke ya nini? Lake lilikuwa kushoto kwa la Mwanasha, hatua moja na kitu, kuelekea ukutani. Mwanasha naye hakuweka alama, maana lake lilikuwa kulia kwa la Zulekha. Riziki, ambaye alikuwa ameshaweka jingine badala ya lile la Ulaya, alijua kuwa lake lilikuwa kati ya Mwanasha na mwenzao mmoja wa Mtaa wa Juu. Hivyo hivyo wote. Kila mmoja alimtegemea jirani yake, na majirani wote wakaenda nyumbani na makombe yao.

Wageni walisema watapima siku mbili. Wakakaa hata wiki ikapita. Walikuwa na mashine ya miguu mitatu yenye jicho moja, na mama mmoja wa Kizungu aitwaye Hannah, mpole, aliyevaa kanzu ndefu kila alipoingia kijijini na kuwaamkia wazee shikamoo kwa sauti ya kukariri. Walipima ukuta wa gofu jiwe kwa jiwe. Wakasema wataujenga tena ndani ya kompyuta, na mtu atavaa kofia, ataingia, atauona msikiti kama ulivyokuwa siku ulipojengwa, paa na nguzo na taa zake.

Kisha masika yakaanguka. Yalikuwa masika ya mwaka tisini na tisa, mvua ya kumwaga kwa ndoo. Maji yalishuka kutoka kijijini yakapita uwanjani kama mto, yakaulaza udongo ukawa sawa kama unga uliopigwa kwa mkono. Jua lilipotoka, wanawake walikwenda na makombe yao.

"Langu mie ni hapa," alisema Mwanasha.

"Hapo ni pangu," alisema Riziki. "Wewe uko upande wa bahari."

"Mimi? Upande wa bahari nimekaa lini? Mimi ni kulia kwa Zulekha. Zulekha, simama pako tuone."

Zulekha alisimama. Alisogea. Akasogea tena. Wote walikuwa wanamtazama miguu.

"Mimi ni kushoto kwako wewe, Mwanasha," alisema. "Simama wewe kwanza."

Mwanasha naye hakujua pa kusimama. Mmoja akaanza kulia, mwingine akamwambia asilie, Mungu anajua walipo, na Riziki akamjibu kwa ukali kwamba Mungu anajua lakini yeye hajui, na anayetaka kujua ni yeye. Walirudi nyumbani na makombe yao vilevile.

Wenzake Zulekha waliwahi kuzaa tena. Mwanasha alikuwa na watoto wanne wazima, Riziki wawili. Zulekha alikuwa na Mwidadi peke yake, na Mwidadi aliishi mpaka kitovu kikaanguka, basi. Siku aliyozikwa Zulekha alikuwa ndani, amefungwa mkaja tumboni, kwa kuwa mzazi hatoki arubaini, na hata angetoka, wanawake hawaendi kuzika. Alisikia tu miguu ya wanaume ikitoka. Twahir, mumewe, ndiye aliyembeba mtoto, na ami yake Twahir ndiye aliyechimba. Ami akafa mwaka uleule. Twahir akaenda Tanga kutafuta kazi ya chombo, akaoa huko, akanyamaza. Basi kaburi la mwanawe Zulekha hakulijua kwa macho wala kwa miguu. Alilijua kwa kombe. Twahir alilitia mwenyewe jioni ile ya maziko, na Zulekha alipotoka arubaini aliambiwa, lako lile lenye ufa.

Sasa kombe lilikuwa chini ya kitanda chake, na chini ya kombe palikuwa sakafu.

Baada ya mvua, Mzee Suleiman aliwaita watu. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kamati ya kijiji, mtu wa haki, aliyezungumza polepole kama anayetembea juu ya mawe yenye utelezi. Alisema wageni wamefurahi na Mkwiro, na kwa shukrani watajenga jabia jipya la kukinga maji ya mvua. Watu walishangilia. Kisiwa hakina maji matamu. Mvua ikiisha watu wanakunywa ya madumu yanayovuka kwa mashua kutoka Shimoni, ng'ambo ya bara, na mtoto akiharisha watu hutazama dumu.

"Litachimbwa nyuma ya gofu," alisema Mzee Suleiman. "Paa la msikiti mpya liko karibu, na pale tu ndipo penye udongo wa kwenda chini. Kwingine kote ni jiwe. Bi Hannah amenionyesha katika picha ya kompyuta, uwanja mweupe, mtupu."

"Si mtupu!" Sauti ilitoka nyuma, kwa wanawake. Ilikuwa ya Zulekha, na yeye mwenyewe ilimshtua.

"Najua, mwanangu," alisema Mzee Suleiman. "Watoto wako pale, nani asiyejua? Basi semeni wapi. Mama akituonyesha penye wake, tutapakwepa, wallahi hatutapagusa. Lakini uwanja mzima siwezi kuuacha, na wajukuu wenu hawa wanakunywa kutu. Nionyesheni. Jumamosi fundi Menza anaanza."

Wanawake walitazamana. Hapana aliyeonyesha, na waume waliochimba nao waliyategemea makombe yaleyale.

Usiku ule Zulekha hakulala, na kulipokucha alikuwa na wazo moja tu. Kompyuta. Wale watu walisema mashine yao imeuchukua uwanja wote, kila jiwe. Huenda imechukua na kitu ambacho jicho la mtu halikioni, kishimo, unyevu, udongo uliokaa tofauti na wenzake. Huenda mashine ilikumbuka. Alijitanda buibui, akapanda mashua ya madumu matupu, akavuka Shimoni bila kumwambia mtu ila Bi Tumu.

"Waenda kumuuliza chuma?" alisema Bi Tumu.

"Watu wamekwisha kunijibu, mavyaa."

Wageni walikuwa wamepanga nyumba karibu na gati. Jenereta ilinguruma uani. Hannah alikuwa amekwenda Ukunda kununua saruji, na ndani alikuwamo kijana mmoja tu, Mutinda, ndiye aliyeiendesha ile kompyuta. Alikuwa Mkamba, wazazi wake walipewa shamba katika skimu ya serikali kule Shimba Hills, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha kukatakata.

"Karibu dada. Wewe si ni wa Mkwiro? Ulitupatianga madafu."

"Ni mimi. Nimekuja kuingia ndani ya hiyo kofia, kaka yangu. Nina jambo langu."

Mutinda alicheka, lakini alipomtazama usoni akaacha. Alivuta kiti. Kofia ilikuwa nzito kama sufuria, na nyaya zilitoka nyuma yake kama kitu kilichong'olewa. Alimvalisha taratibu juu ya buibui, akamtia mkononi kijiti cha kuendeshea. "Ukiinamisha mbele, unatembea. Kama kichwa kinazunguka, sema."

Mwanzo palikuwa giza, kisha ukuta ukaja. Zulekha alishika kiti. Aligeuza kichwa, na ukuta ukachelewa, halafu ukamfuata kwa kishindo kisicho na sauti. Lakini ulikuwa ni ukuta wao. Aliyajua yale mawe, aliujua ule ufa ambao popo hutokea. Na juu, mahali ambapo maisha yake yote alikuwa ameona mbingu, palikuwa na paa. Palikuwa na boriti za mkoko zilizopangwa moja baada ya moja, na mihirabu yenye sahani za kichina, nzima, hazikung'olewa. Alisimama pale bila kupenda. Msikiti ulikuwa mzuri. Ulikuwa umefufuliwa.

"Nitoke vipi nyuma?" aliuliza.

"Kulia kuna mlango. Inama tu."

Alitoka. Uwanja ulikuwa mbele yake, mkavu, unang'aa. Aliinamisha kijiti, akatembea na uso wake umetazama chini. Aliona jani kavu lililojikunja. Karibu yake kokoto nyeupe. Akatembea zaidi. Jani kavu lililojikunja, na kokoto nyeupe. Akaenda upande wa bahari, akarudi ukutani. Jani lilelile. Kokoto ileile. Uwanja mzima ulikuwa kama leso iliyopigwa chapa moja toka pindo hadi pindo.

"Mbona kila mahali ni jani moja?"

"Ah, umeona?" Sauti ya Mutinda ilikuwa na aibu kidogo. "Huko chini hatukupima, dada. Tulipiga picha kipande kimoja hivi, kama mkeka, tukakirudiarudia. Mashine memori yake ni kidogo. Ikibeba ukuta na udongo wote, inakwama. Ukuta ndio ilikuwa ya maana."

"Hicho kipande mlikipiga wapi?"

"Sikumbuki. Tulitafuta mahali pasafi." Kisha, kwa kumsifu, akaongeza, "Na kulikuwa kusafi kote. Mlikuwa mmefagia vizuri sana."

Zulekha alikaa ndani ya ile kofia. Ndani yake mtu hawezi kujifuta machozi, na ndani yake hapana anayeyaona.

"Picha za kabla hatujafagia hamna?"

"Tulikuta mmeshafagia. Kwani kulikuwa na nini?"

Alimwambia. Alimwambia akiwa amevaa kofia, akiangalia lile jani, na labda ndiyo maana aliweza. Alimweleza ya arubaini, ya makombe, ya kushoto kwa huyu na kulia kwa yule, ya mvua, ya Jumamosi. Jenereta ilinguruma. Mutinda akavuta kiti chake karibu.

"Sikia, dada. Ramani ya tangi inatoka humu humu. Nikiweka hayo makaburi kwa picha, Hannah anayaona, fundi anayaona, tangi inasongezwa. Yeye hawezi kuchimba juu ya mtoto. Hata mimi siwezi. Kesho asubuhi tunapeleka picha ya mwisho kwa mzee, keshokutwa tunapakia kila kitu tunaenda Nairobi. Kwa hivyo niambie sasa. Makaburi yako wapi?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza wewe."

"Mimi?"

"Hiyo mashine yako."

"Mashine inajua chenye tuliiambia, dada. Basi."

Zulekha aliona kama anacheka lakini sauti haikutoka. Amevuka maji aje aiulize kompyuta, na kompyuta inamuuliza yeye. Alifikiri kwenda kuwaita wenzake. Wangekuja, wangesongamana humu ndani, wangegombana mpaka mashua ya mwisho iondoke, na kesho picha ingekwenda ilivyo, tupu, na Jumamosi Menza angechimba katikati. Katikati kabisa. Lakini kama makombe yote yangekuwa upande mmoja? Wanawake waliposimulia walisema siku zote, karibu na ukuta. Mwanasha alisema hivyo. Ami wa Twahir, Mungu amrehemu, kuna siku alisema hivyo. Pembe ya pili ya uwanja, penye mstafeli, hakumsikia mtu kuitaja.

"Nionyeshe unavyoweka," alisema.

Mutinda alibonyezabonyeza. Kitu cheupe kikatokea juu ya udongo, mviringo, hakina meno wala ufa, kama chapati. "Hiyo ndiyo kombe. Sema, nitasongeza."

"Sogeza ukutani. Zaidi. Hapo, penye kivuli." Sauti yake ilitulia, kama ya mtu anayepanga vyombo kabatini. "Hilo ni langu. Weka jingine kulia, hatua moja na kitu. La Mwanasha. Mbele yake la Riziki." Akaendelea hivyo, mama mmoja baada ya mwingine, akiwapanga watoto wao chini ya ukuta ule uliofufuliwa, akiwakumbuka mama zao walivyosema siku za nyuma, na pale asipokumbuka, akiweka palipokaa vizuri.

"Una hakika, dada? Hii kitu ikiwekwa, wataamini."

"Nina hakika," alisema, na kofia ikamfichia macho.

Asubuhi yake Hannah alikuja Mkwiro na picha kubwa ya rangi, imekunjwa kama jamvi. Mzee Suleiman aliifungua barazani, akaisogeza machoni, akaipeleka mbali. Jabia lilikuwa limehamia pembe ya mstafeli. Na chini ya ukuta yalikuwa makombe, meupe, kila moja mahali pake.

"Haya, kina mama!" aliita. "Njooni mwone. Mashine imewapata."

Walikuja mbio. Waliisongea ile picha, vidole vikagombana juu yake.

"Lile langu! Nilisema mimi ni mbele ya Mwanasha. Sikusema?"

"Ulisema, Riziki, leo nakusamehe."

"Imeonaje chini ya udongo, jamani?"

"Wazungu wana jicho la hivyo. Hospitali ya Msambweni si wanampiga mtu picha mpaka mifupa?"

Mwanasha alimkumbatia Zulekha akamtikisa, akilia na kucheka kwa pamoja. "Mimi na wewe majirani tena, mwenzangu! Umeona tulivyokaa?" Zulekha aliona. Hannah alikuwa ametabasamu, hajui linalosemwa, na Mutinda hakuja. Kabla ya adhuhuri makombe yote yalikuwa yametoka chini ya vitanda na yamerudi uwanjani, yamepangwa kwa kufuata picha. Riziki aliketi mbele ya lake akaliimbia. Hakuwa ameimba tangu masika.

Bi Tumu peke yake hakusema kitu. Jikoni, akimenya ndizi, alimuuliza Zulekha bila kumtazama, "Chuma kimekujibu basi?"

"Kimenijibu."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Tumu, akaendelea kumenya.

Siku ya kuchimba watu walikuwa kama wana harusi. Wanawake walileta chai na mahamri, wakakaa chini ya ukuta, kila mmoja karibu na kombe lake. Menza, fundi wa Kidigo kutoka ng'ambo ya Shimoni, alikuwa hodari na mwenye maneno. "Leo nachimba bahari tamu," alisema. "Mtu asije akaniambia baadaye maji yana chumvi, chumvi yenu mmeileta wenyewe mioyoni." Watu wakacheka. Jembe lilipanda na kushuka. Shimo lilimfika magotini, likamfika kiunoni. Zulekha alihesabu kila pigo kwa pumzi, na kila pigo lililopita alimshukuru Mungu.

Kisha jembe likagota kitu. Aliweka jembe kando, akainama, akapangusa kwa mkono. Akavua kofia yake.

"Mzee Suleiman," alisema. "Njoo, babangu. Kuna ubao."

Mzee Suleiman alishuka shimoni kwa kushikwa mkono. Watu wote walisimama. Chai iliachwa chini. Alikaa mle muda, mgongo wake tu ndio ulioonekana, kisha akainua uso.

"Kina mama. Kuna mtoto hapa. Ni wa nani?"

Zulekha aliwaona wenzake, mmoja mmoja, wanatazama chini, penye makombe yao, na nyuso zao zinatulia.

"Wangu yuko pale," alisema Riziki.

"Na wangu huyu hapa," alisema Mwanasha. "Masikini ya Mungu, huyo atakuwa wa zamani."

"Si wa zamani sana," alisema Menza. "Ubao haujawa unga. Na msumari huu hapa bado una kichwa."

"Basi hana mwenyewe," alisema Mzee Suleiman kwa huzuni. "Tutamhamishia upande wa pili, walipo wale waliotupwa na bahari. Nao ni waja wa Mungu. Menza, leta kitambaa."

Upande wa pili ni mbali, kwenye mwamba, wanapozikwa maiti wasiojulikana ambao mawimbi huwaleta. Hapana anayekwenda kusimama kule asubuhi.

Zulekha alikuwa mtu pekee uwanjani aliyejua kwamba chini ya makombe yale huenda hapakuwa na mtu. Aliwapanga yeye. Aliwaacha wote ukutani na akawaachia wachimbaji pembe hii. Aliyemo shimoni alikuwa na mama, na mama huyo alikuwa amesimama hapa, na mahamri mkononi. Alikuwa Riziki, au Mwanasha, au yule wa Mtaa wa Juu. Au alikuwa yeye. Akisema yote, makombe yote yangeng'oka kwa mara ya pili, na safari hii hapana picha ya kuwarudishia. Riziki asingeimba tena. Akinyamaza, mtoto angekwenda kwenye mwamba. Miguu yake ilianza kutembea kabla hajamaliza kufikiri.

"Ni wangu," alisema.

Watu waligeuka.

"Wako si yule pale kivulini?" Mwanasha aliuliza. "Mashine imemwonyesha."

"La kwangu mashine haikuliona. Nilimwambia mimi yule kijana aliweke pale, kwa kuwa sikuvumilia kukosa. Nilikosea." Alimeza mate. "Yenu ni sawa. Ni langu tu."

"Kama moja limekosewa..." alianza Bi Tumu. Alikuwa amesimama nyuma yao wote, mkono umeshika ukuta. Alimtazama mkwewe, akawatazama wale wanawake na makombe yao, akamtazama tena. Kisha akajifunika uso kwa leso.

Zulekha alifika ukingoni, akakaa chini, akateremsha miguu.

"Mwanamke hashuki kaburini, mwanangu," alisema Mzee Suleiman.

"Siku ile sikushuka, baba. Ndiyo sababu niko hapa."

Mzee akasogea ampishe. Menza akageuza uso. Ubao uliinuliwa. Chini yake palikuwa na kitu kidogo, sanda iliyokuwa imekwisha kuwa rangi ya udongo, kimekunjwa kama nguo iliyosahauliwa sandukuni. Zulekha aliingiza mikono chini yake, taratibu, akakiinua, akakipakata juu ya leso yake.

"Jina lake nani, tumwombee?" aliuliza Mzee Suleiman.

"Mwidadi," alisema. "Mwidadi bin Twahir."

Wanaume walianza kusoma. Zulekha alisimama shimoni, akiupima ule uzito mikononi, akijaribu kuukumbuka uzito wa mwanawe siku kitovu chake kilipoanguka. Alijaribu mkono wa kulia, akajaribu wa kushoto. Mikono haikumwambia kitu.

Juu yake kivuli kilimwangukia. Alikuwa Mwanasha, amepiga magoti ukingoni, machozi yanamtiririka, amenyoosha mkono amshike bega.

"Afadhali wewe, mwenzangu," alisema Mwanasha. "Sisi wetu tumewekewa alama tu. Wewe umempata kumshika."

Zulekha alimtazama usoni, akafumbata kile kitu kifuani, akauvuta ule mkono wa Mwanasha, akauweka juu ya sanda.